Kadi Kumi na Tisa Zenye Alama ya Mwezi

“Usiitume.”

Ni mara ya tatu Sumayiya Fadhul anasema hivyo asubuhi hii, na safari hii ameweka kiganja juu ya kompyuta ya bosi wake. Ni saa tatu na robo. Katika maabara hii ndogo ya mtelemko wa Makindye, vikombe viwili vya chai ya maziwa vinapoa na hakuna anayevigusa.

Bosi wake, Daktari Olal, ana miaka thelathini na sita. Sumayiya atatimiza sitini siku ya Ijumaa, na siku hiyohiyo ndiyo ya kuagwa kazini. Alimpokea Olal hapa akiwa mwanafunzi asiyejua hata kushika brashi. Kwa hiyo Olal hathubutu kuuondoa mkono wake. Anamwomba tu.

“Mama Nabilah, wenzetu wanaisubiri ripoti kabla ya saa saba. Hili ni jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata hapa.”

“Ndiyo maana nakwambia usiitume.”

Kwenye kioo cha kompyuta kuna mistari miwili. Mwekundu unaonyesha joto la maji ya juu ya bahari. Wa buluu unaonyesha joto la maji ya chini yake, mita mia hivi, ambako mwanga wa jua unafika kwa shida. Mistari hiyo inakwenda miaka elfu kwa elfu bila kugusana, mmoja juu, mwingine chini, mpaka inapofika sampuli namba 204. Hapo inakutana. Inabaki imekumbatiana hadi namba 222, kisha inaachana kama vile hakukutokea kitu.

Olal anasema kuwa kwa karne kadhaa bahari ilikorogeka, maji ya moto na ya baridi yakawa kitu kimoja. Hajawahi kusoma popote kwamba jambo kama hilo limeonekana katika upande ule wa Bahari ya Hindi. Tayari ameandika kurasa kumi na nne. Maabara iliyoshirikiana naye ng’ambo imeshamdokeza kuwa, matokeo yakiwa mazuri, kutakuwa na kazi ya miaka mitatu mingine.

Sumayiya anasema bahari haikufanya lolote.

“Umejuaje?” Olal anauliza. “Kadi za sampuli hizi nani alizichambua? Ni wewe. Jina lako liko kwenye kila moja. Na wewe hujawahi kukosea. Nimeandika hivyo ukurasa wa nne, kwamba tunayaamini matokeo haya kwa sababu ya mkono wako.”

Sumayiya anauondoa mkono huo kwenye kompyuta. Anakaa.

*

Wapita njia wengi hudhani lango hili la kijani ni la zahanati. Wapo walioingia kuomba kipimo cha malaria, wakaonyeshwa njia kwa upole. Kinachopimwa hapa ni tope.

Tope lenyewe limetoka mbali. Meli hulitoboa chini ya bahari kwa bomba refu, likakatwa vipande kama muhogo, kila kipande kikapewa namba, kisha likasafirishwa hadi mji huu usio na bahari. Hapa huoshwa kwenye chekecheke hadi zibaki chenga nyeupe zinazofanana na mchanga.

Si mchanga. Ukizitia chini ya hadubini, kila chenga ni ganda la kiumbe mdogo aliyeishi akielea baharini, akafa, akazama. Wapo walioishi juu, kwenye maji ya vuguvugu. Wapo walioishi chini zaidi, kwenye ubaridi. Kila mmoja alijijengea ganda la chokaa, na chokaa hiyo ikahifadhi alama ya joto la maji aliyokuwamo. Ukiyapata maganda ya aina zote mbili kutoka kipande kimoja cha tope, mashine itakwambia maji ya juu yalikuwa na joto gani na ya chini yalikuwa na joto gani, enzi ambazo Kampala ilikuwa haijapata jina.

Lakini kabla ya mashine lazima mtu ayatenganishe, moja moja, kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope za jicho. Kazi hiyo Sumayiya ameifanya kwa miaka ishirini na saba.

Majina ya kitaalamu anayajua yote. Hayatumii. La maji ya juu, lenye mapovu matatu yaliyoshikana, ni “bisi”. La maji ya chini, lililojizungusha na kukaza, ni “kilemba”. Majina hayo waliyatunga wanawake wawili mwaka 1998, na hadi leo wanafunzi wanaokuja kujifunza hapa huondoka wakiyasema.

*

Sumayiya aliajiriwa kufagia na kupika. Mwenye maabara, marehemu Daktari Saverio Ojera, alikuwa amerudi kutoka masomoni na hadubini nne na ahadi ya kazi kutoka nje, akakodi nyumba hii, akatafuta mtu wa jikoni. Mshahara ulikuwa shilingi elfu sitini kwa mwezi. Mume wake, Jafar, alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, leo yupo, kesho hajulikani alipo, na binti yao, Nabilah, alikuwa bado ananyonya.

Siku moja Ojera aliingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, akamkuta anachagua mawe kwenye mchele. Akasimama mlangoni mpaka sinia likaisha.

“Mama yangu aliuza ufuta na mchele sokoni Owino,” Sumayiya anaeleza. “Nilikaa chini ya meza yake tangu nina miaka mitano. Nyanya yangu naye alisuka vifuniko vya chakula vya rangi, vile vyetu Wanubi, na akikuta uzi mmoja umekosewa anafumua chote. Kwa hiyo jicho nilikuwa nalo. Nilichokosa ni hadubini.”

Jumatatu iliyofuata alikalishwa kwenye meza ya dirishani. Meza ya pili alikaa Lanyero, mke wa askari wa kambi ya hapa Makindye, mwenyeji wa Gulu, mrefu, mcheshi, aliyewahi kusomea uuguzi mwaka mmoja. Waliongea Kiswahili, yeye cha kambini, Sumayiya cha Owino. Ojera alisema asingeweza kupata wawili wengine wenye midomo kama ile na mikono iliyotulia kama ile.

Ukimwacha Sumayiya azungumzie miaka hiyo, chai itapoa mara mbili. Anakumbuka tarumbeta ya kambini iliyowapigia saa kuliko saa ya ukutani. Anakumbuka harufu ya tope likikauka kwenye jiko la mkaa kabla hawajanunua tanuri. Chupa ndogo za dawa ya kikohozi ya watoto, ambazo Lanyero aliziomba zahanati ya kambini, wakazichemsha, wakahifadhia chenga zilizobaki. Chupa hizo bado ziko hapa, ukuta mzima, na baadhi zina vifuniko vya rangi ya waridi.

“Tulikuwa tunaleta chakula kwenye sahani moja,” anasema. “Yeye mboga yake ya malakwang, mimi mkate wangu wa kisra. Nabilah alijifunza kutembea kati ya meza hizi mbili. Alikuwa akitoka kwa Lanyero anakuja kwangu, akifika kwangu anarudi kwa Lanyero.”

Kadi ya kazi hii ni kipande cha karatasi ngumu chenye vyumba sitini vya mraba vilivyopakwa gundi. Bisi hukaa chumba cha kwanza hadi cha thelathini, vilemba hukaa thelathini vilivyobaki. Ili kuokota ganda, mchambuzi hulamba ncha ya brashi. Mdomo huichonga ncha na hapohapo hufyonza maji yaliyozidi. Kadi ikijaa, unapitisha brashi mara ya mwisho, unyevu kidogo tu, gundi inashika, kadi inasimamishwa dirishani ikauke.

Utamu wa gundi ile anaujua hadi leo. Unafanana, anasema, na ubani uliosahauliwa mfukoni.

*

 Sasa hivi Sumayiya ameinuka, amechukua simu, ametoka barazani. Olal anamtazama kupitia dirishani na kuangalia saa. Ukutani nyuma yake kuna cheti kilichokwisha kutiwa fremu, kinangojea Ijumaa pamoja na sambusa mia mbili zilizoagizwa. Kimeandikwa kwa herufi za dhahabu: Miaka 27. Hakuna kadi iliyorudiwa.

Simu inapokewa Gulu baada ya milio mingi. Lanyero siku hizi anasaga ufuta kuuza, macho yamedhoofu, na huweka simu kwa sauti ya juu kiasi kwamba anayempigia husikia kuku wake.

“Zile zenye mwezi,” Sumayiya anasema, bila hata salamu.

Kuku wanalia. Mashine ya kusaga inazimwa.

“Za dirishani?”

“Hizohizo. Zimepimwa.”

“Nani kazipeleka?”

“Olal. Nilikuwa likizo, Nabilah kajifungua. Niliporudi zilikuwa zimeshapanda ndege.” Anavuta pumzi. “Sasa kuna bahari nzima imekorogeka kwa sababu ya kikombe changu.”

Lanyero anacheka. Anacheka kwa muda mrefu, kicheko cha mtu aliyemaliza kuogopa mambo mengi, na Sumayiya anamwacha acheke.

*

Ilikuwa Ramadhani ya mwisho wa mwaka 1998, ya kwanza kwa Sumayiya akiwa kazini. Gundi ina ladha, na chenye ladha hakiingii mdomoni mchana wa saumu. Kwa hiyo akaacha kulamba brashi. Akaweka kikombe cha maji pembeni, akawa anachovya.

Lanyero, Mkatoliki, naye akaacha kulamba. Alisema haiwezekani mwenzake akae na kiu yeye akijilamba mbele yake kama paka.

Kazi ilikwenda vizuri, au ndivyo walivyodhani. Kumbe brashi isiyopita mdomoni inabeba tone zima. Ile mara ya mwisho ya kukaza gundi, badala ya unyevu, kadi za Sumayiya zilipata mafuriko. Kadi zikasimamishwa dirishani, leo upande huu juu, kesho ule, na maganda yakaelea, yakahama vyumba kama wapangaji, kisha gundi ikakauka ikayashika yalipofikia. Bisi kwa vilemba, vilemba kwa bisi. Lanyero mwezi ule alikuwa akiosha tope zaidi kuliko kuchambua. Kadi zilikuwa za Sumayiya.

Aliyegundua ni Lanyero. Siku chache kabla ya Idi aliazima kadi namba 223 kulinganisha kitu, akaitia chini ya hadubini, akanyanyua kichwa.

“Mama Nabilah,” alisema, “vilemba vyako vimehamia kwa majirani.”

Hiyo waliitengeneza palepale. Kesho yake wakanunua sifongo Owino, ya kulowanishia brashi siku za saumu, na tangu siku hiyo kikombe hakikurudi mezani. Lakini kadi kumi na tisa za kabla yake zilikuwa zimekwisha kufunikwa kioo na kuingia kwenye kabati la Ojera. Kuzitoa maana yake ni kumwambia. Na Sumayiya alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, imebaki wiki mbili.

Lanyero, mwenye ufunguo wa kabati kwa ajili ya kupanga, alizigeuza moja moja na nyuma ya kila kadi akachora kwa penseli mwezi mwembamba.

“Ili tusisahau,” alisema. “Baada ya Idi tutazirudia.”

Idi ilipokwisha likaja kasha jipya la tope, la haraka. Likafuata jingine. Mwezi wa sita mume wa Lanyero akahamishiwa kaskazini, na familia ikafungasha kwa siku mbili. Ojera hakuwa na fedha za kuzipima kadi zile, na kabati likafungwa. Alifariki mwaka 2014 bila kujua.

“Kila mwaka kadi zile zilipokaa bila kuguswa, nilijiambia basi, hazimdhuru mtu,” Sumayiya anasema. “Halafu sifa ikaanza kukua. Wanasema, Sumayiya hajawahi kukosea. Nami nanyamaza. Ukinyamaza miaka mitano, wa sita ni rahisi.”

*

Barazani, kicheko cha Gulu kimekwisha.

“Kosa ni letu wote wawili,” Lanyero anasema. “Lakini jina ni lako. Mimi siwezi kukusemea.”

“Sikukupigia unisemee.”

“Ulinipigia kwa nini?”

Sumayiya anautazama mtelemko, mabati ya nyumba, nguo zilizoanikwa upande wa kambini. 

“Idi imepita, nyabo,” Lanyero anasema taratibu. “Zimepita nyingi. Nenda kafanye kazi.”

Mashine ya kusaga inawashwa tena. Simu inakatika.

Anaporudi ndani, Olal amekwisha kuandika barua ya kuambatanisha ripoti. Kimebaki kubonyeza. Sumayiya hamzuii mkono safari hii. Anamuuliza kadi zenyewe ziko wapi. Ziko chini ya meza, zilirudishwa wiki iliyopita, kasha halijafunguliwa. Wenzao walichukua nusu ya maganda kwa kufuata namba za vyumba kwenye orodha, wakayasaga kwa kuamini, wakaacha nusu nyingine.

“Fungua,” anasema. “Geuza ya 204. Nyuma utakuta mwezi umechorwa kwa penseli. Zote hadi 222 zina mwezi. Ukikuta kadi nyingine yoyote yenye mwezi, tuma ripoti yako.”

Olal anakata utepe wa kasha kwa ufunguo wa nyumba. Anageuza ya kwanza. Ya pili. Ya saba. Anazipanga mezani zikiwa zimelala kifudifudi, na penseli ya Lanyero, iliyofifia, inaonekana kwenye kila moja. Anachukua ya 203, anaigeuza. Tupu. Ya 223. Tupu.

Ndipo Sumayiya anapomsimulia, akiwa amesimama, mikono kwenye mifuko ya koti jeupe: kikombe, dirisha, kabati, ahadi. Anasimulia bila kujitetea na bila kulia, kama mtu anayetaja bei. Akimaliza anaiweka kadi ya 204 chini ya hadubini, anarekebisha mwanga, anampisha.

Olal anatazama kwa muda mrefu. Unamsikia akihesabu kwa mnong’ono.

“Saba,” anasema hatimaye. “Kwenye vyumba vya bisi vilivyobaki, vilemba saba kati ya kumi na tano.”

“Ukitazama chini utakuta bisi saba, au zaidi.”

Anatazama chini. Nane.

Anaegemea kiti. Kwenye kompyuta, mistari miwili bado imekumbatiana. Alikuwa na kurasa kumi na nne na kazi ya miaka mitatu, na vyote vimo katika tone la maji la mwaka 1998. Anasugua macho. Anapozungumza sauti yake si ya hasira, ila imeshuka.

Anasema wanaweza kuiondoa sehemu hiyo kimyakimya. Waandike kwamba sampuli kumi na tisa ziliharibika kwa sababu ya hitilafu ya vifaa. Ijumaa iende kama ilivyopangwa, mama aagwe kwa heshima zake, na baadaye, polepole, mtu mwingine azirudie.

“Kifaa gani?” Sumayiya anauliza.

Olal anaigeukia hadubini.

“Hadubini ilikuwa nzima. Brashi ilikuwa nzima. Ukiandika vifaa, kesho watatilia shaka kadi zote za nyumba hii, hata za marehemu. Andika mimi, watatilia shaka kumi na tisa tu.”

“Na cheti?”

Sumayiya anakigeukia ukutani kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza.

“Mwambie fundi abadilishe namba. Kadi zilizorudiwa, kumi na tisa. Dhahabu yake aiache.”

Ni Olal anayecheka kwanza, kidogo, kisha anajizuia.

Anampigia mwenye sambusa na kuahirisha. Mwenye sambusa analalamika kuhusu nyama aliyokwisha kununua, na Sumayiya, anayesikia kila neno, anaagiza zipikwe hizohizo Ijumaa, zitaliwa kazini. Kwa macho yake ya sasa, kadi moja inachukua siku moja na nusu. Kumi na tisa ni mwezi mzima, ukiacha Jumapili, na yeye hataki kulipwa kwa mwezi huo. Olal anaanza kubisha, anamtazama usoni, anaacha. Badala yake anafuta barua aliyoiandika na kuanza nyingine, ya mistari mitatu, inayoomba wiki tano.

Sumayiya anamwomba karatasi ya maelezo ya sampuli. Anaandika kwa mkono wake, kwa herufi zilezile za miaka yote: Namba 204 hadi 222. Gundi ilipata maji mengi, maganda yalihama. Mchambuzi alijua, hakusema. S. Fadhul. Zinarudiwa. Anaweka tarehe ya leo, anaipa maabara nakala, nyingine anaitia kwenye kasha.

Akimaliza zote, anasema, atapanda basi hadi Gulu akiwa na kadi moja ya zamani kwenye mkoba, ampelekee aliyeuchora ule mwezi. Macho ya Lanyero hayatauona vizuri. Atamshikisha kidole juu yake.

Lakini hayo ni ya baada ya mwezi mmoja. Sasa ni saa tano kasorobo. Kambini tarumbeta inalia, na hakuna anayeinua kichwa. Sumayiya anakwenda kwenye ukuta wa chupa, kidole kinapita juu ya namba, kinasimama. Ni ya 204, yenye kifuniko cha waridi. Anamimina chenga kwenye sinia dogo jeusi, anazitikisa zitawanyike, kama alivyoufanyia mchele chini ya meza ya Owino. Anavuta kiti cha meza ya dirishani. Anachukua kadi mpya.

Olal anamsogezea sifongo, kwa mazoea.

“Leo sijafunga,” Sumayiya anasema.

Analamba brashi, anainamia hadubini, anaokota bisi ya kwanza na kuiweka chumba namba moja.